Picha ya Kuagana Uwanjani: Ndege, Mwaka na Mtoto wa Kwenye Kanga

## Familia na picha yao

Familia hii ina asili ya mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Leo imetawanyika: wengine wako Dar es Salaam, wengine Mombasa, wengine Muscat, na tawi moja limehamia Uingereza. Majina yote nimeyaondoa, pamoja na jina la mji na kila alama inayoweza kumtambulisha mtu. Miaka niliyoibakiza ni ile tu ambayo kisa hakieleweki bila hiyo. Wenyewe wameridhia kiandikwe kwa sharti hilo.

Wajukuu walikuwa wanaandaa kijitabu cha kumbukumbu ya babu yao, na picha waliyoitaka jaladani ni ile ambayo karibu kila nyumba ya ukoo ina nakala yake. Babu, wakati huo kijana, amevaa suti nyeusi na tai, amesimama chini ya ngazi ya ndege. Jamaa waliomsindikiza wamemzunguka. Ubavuni pake yuko mkewe, amebeba mtoto mchanga aliyefungwa kwa kanga. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu ya biki: "Safari ya London, 1962".

Juu ya picha hiyo ukoo ulijenga mambo mawili. La kwanza, kwamba ndege ni Comet, aina ya ndege ya jeti, nayo ndiyo iliyompeleka Babu London masomoni. La pili, kwamba mtoto ni kifunguamimba wao, binti aliyezaliwa 1961 na kufariki kwa surua wakati wa masika ya 1963. Binti huyo hakuwa na picha nyingine. Bibi aliishi miaka mingi na picha hii ukutani, na watu wakiingia chumbani kwake aliwaonyesha: huyu ndiye mwanangu wa kwanza.

## Nilichoombwa, na nilichoamua kuanza nacho

Mimi hutambua ndege kwenye picha za zamani. Ombi lililonifikia kutoka kwa mjukuu mmoja lilikuwa fupi: nithibitishe kwamba ndege ni Comet, ili maelezo ya jaladani yasije yakakosolewa na wajuzi. Habari ya mtoto hakuigusa, maana kwake halikuwa swali.

Nilimwomba asinisimulie zaidi kwanza. Ndege za zamani zimebaki na majina machache vinywani mwa watu wetu. Yenye mapangaboi huitwa Dakota. Iliyokuwa na mwendo huitwa Comet. Safari ya heshima huitwa VC10. Hakuna anayedanganya. Ndege iliyosifika hulimeza jina la safari nzima. Mtu alitoka Lindi kwa Dakota, akabadilisha ndege Nairobi, akashuka London kwa VC10. Miaka hamsini baadaye atasema "nilikwenda kwa VC10", na atakuwa amesema kweli. Ila picha ilipigwa Lindi. Ndiyo maana mimi huisoma ndege kwanza na kuisikiliza hadithi baadaye, halafu naziweka pamoja nione zinapokutana.

Faida kubwa tuliyo nayo Afrika Mashariki ni kwamba kwa miongo mitatu ndege nyingi za abiria zilizotua katika miji yetu zilikuwa za shirika moja, East African Airways, na tunajua lilipata ndege zipi na lini. Lilianza 1946 na Dragon Rapide, ndege ndogo yenye bawa juu na bawa chini. Ikaja Lodestar yenye mikia miwili, kisha DC-3, ambayo ndiyo Dakota yenyewe. Mwaka 1957 zikaingia Argonaut zenye injini nne. Comet 4 zikaja 1960, Fokker F27 Friendship mwaka 1962, Super VC10 mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 DC-9. Shirika likavunjika 1977. Ukiitambua ndege tayari umepata mwaka ambao picha haiwezi kuwa nyuma yake.

## Ndege yenyewe

Niliomba picha iskaniwe upya kutoka kwenye karatasi, kwa ubora wa juu, pande zote mbili, bila kupitishwa kwenye programu yoyote ya kuboresha. Nakala niliyotumiwa mwanzo ilikuwa imeng'arishwa na programu ya simu, na nyuso zilikuwa laini kuliko karatasi ya wakati ule inavyoweza kutoa. Programu za namna hiyo hazisafishi tu. Pale zisipoona hujaza. Ndege iliyokuwa nyuma ya watu ilikuwa imeota herufi ambazo kwenye karatasi hazikuwepo.

Kwenye skani safi yalionekana mambo machache, lakini mazito. Sehemu iliyoonekana ni ya nyuma ya ndege: madirisha kadhaa, mlango, ngazi, na mwanzo wa mkia. Injini haikuonekana. Pangaboi halikuonekana pia, na nadhani hapo ndipo jina la Comet lilipopata nafasi ya kukaa.

Madirisha yalikuwa makubwa, ya umbo la yai lililosimama. Comet 4 ina madirisha madogo ya mviringo. Hilo peke yake lilinitia shaka. Madirisha makubwa ya namna hiyo, kwa ndege zilizofika kwetu wakati huo, yanaelekeza kwenye mbili: Fokker F27, au Vickers Viscount, ambayo Central African Airways iliileta Afrika Mashariki kutoka kusini. Zote mbili zinatumia injini ya Rolls-Royce Dart na kwa mbali madirisha yao ni ndugu. Kinachozitenganisha katika picha iliyokatwa namna hii ni mlango. Mlango wa Viscount nao ni wa umbo la yai. Wa kwenye picha ulikuwa na pembe nne, zilizoviringwa kidogo tu.

Jambo la tatu ni kimo. Watu waliosimama chini vichwa vyao vilikaribia kingo za chini za madirisha, na ngazi ilikuwa fupi. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haitegemei rangi wala ubora wa picha. Kila picha ya kuagana ina watu, na mtu ni kipimo. Fokker F27 ina bawa juu ya mwili. Kwa kuwa injini zinaning'inia kwenye bawa la juu, mapangaboi yako mbali na ardhi, na mwili wa ndege unaweza kushuka chini kabisa. Ndege yenye bawa la chini na mapangaboi hulazimika kusimama juu zaidi ili mapangaboi yasiguse lami. Comet haina pangaboi, injini zake nne zimezikwa ndani ya mashina ya mabawa. Hata hivyo aliyesimama chini yake hafiki madirishani.

Nikamwandikia mjukuu kwamba kwa maoni yangu hii si Comet, ni Fokker Friendship. Hakufurahi. Alikuwa na hoja yake, na ilikuwa hoja nzuri.

## Herufi ambazo hazibadiliki kwenye kioo

Nyuma ya kichwa cha mzee mmoja, kwenye mwili wa ndege, zilionekana sehemu za herufi za usajili: AA, kistari, kisha Y. Kilichotangulia kilizibwa na bega la mtu mwingine. Kilichofuata kilizibwa na kofia. Mjukuu alizihangaikia herufi hizo kwa muda mrefu bila kupata ndege inayoanza kwa AA-Y. Kisha akageuza mpangilio, akasoma Y-AA, na hapo akapata kitu: Comet moja ya East African Airways ilisajiliwa 5Y-AAA. Kwake kesi ikawa imekwisha.

Niliifurahia kazi yake, maana kugeuza mpangilio ndiko kulikotufungulia mlango. Herufi A na Y zina sifa moja: ukizitazama kwenye kioo hazibadiliki. Kama herufi iliyoonekana ingekuwa B au K, mtu angegundua mara moja kwamba picha imepinduliwa. Kwa bahati mbaya tatu zilizojitokeza zilikuwa zile zinazoficha siri.

Ikabidi tuulize: je, picha nzima imechapwa kinyume? Ndege yenyewe ilikuwa imeshatupa dalili. Kwenye picha mkia uko kushoto na pua inaelekea kulia, maana yake tunatazama ubavu wa kulia wa ndege. Abiria hupandishwa kwa ubavu wa kushoto. Ndiyo desturi tangu zamani, na mlango wa abiria wa Fokker F27 uko nyuma upande wa kushoto. Ngazi ya abiria upande wa kulia ni jambo la kulitilia shaka.

Ushahidi uliomaliza mjadala ulitoka kwa binti wa Babu, ambaye ndiye mtunzaji wa albamu. Nilimwomba aitazame picha kwenye kioo cha kabati na anieleze chochote kinachokaa vizuri zaidi. Hakutazama ndege hata kidogo. Alitazama kanga aliyofungiwa mtoto. Kwenye pindo la chini palikuwa na maandishi ambayo miaka yote waliyachukulia kuwa ukungu wa picha. Kwenye kioo likasomeka neno moja zima. Akaongeza kwamba koti la Babu limefungwa kike, upande wa kulia ukiwa juu, na kwenye kioo linakaa kiume.

Picha ilikuwa kinyume, basi. Usajili ulisomeka Y-AA, na mbele ya Y kulikuwa na 5 iliyofichwa na kofia. Lakini hilo halikurudisha Comet. Herufi za mwisho za usajili zilitofautisha ndege moja na nyingine, na herufi hiyo ya mwisho ndiyo iliyozibwa na bega. Comet ilikuwa 5Y-AAA. Yenye herufi nyingine mwishoni ilikuwa ndege nyingine. Madirisha, mlango na kimo vilibaki pale pale.

## Negativu kwenye kopo la biskuti

Nilipomuuliza mtunzaji wa albamu kama kuna negativu, alisema hazipo, kisha baada ya siku kadhaa akaniandikia kwamba liko kopo la biskuti lenye bahasha za studio. Ndani yake ilikuwemo ya picha hii, ya mraba, ya filamu pana.

Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia wenye dawa. Ukiishika upande unaong'aa ukiwa kwako, maandishi ya kiwanda yaliyo pembeni husomeka sawasawa, na picha nayo iko sawasawa. Aliyechapa nakala za ukoo aliiweka kinyume. Pia aliikata. Negativu ilikuwa pana kuliko chapa, na upande uliokatwa ndio ulioshika habari yote ya ndege: kipande cha bawa kikipita juu ya madirisha, na chini yake kifuniko kirefu cha injini kikishusha mguu mrefu wa gurudumu. Kwenye chapa, kona ya juu ilikuwa na kivuli cheusi ambacho familia ilidhani ni paa la jengo la uwanja. Lilikuwa bawa.

Bawa la juu, Dart, madirisha ya yai: Fokker F27 Friendship. Hapo sikuwa na shaka tena, na mjukuu pia aliridhika.

## Mwaka unahama

Kazi niliyoombwa ilikuwa imekwisha. Ila nambari ile haikuniachia.

Fokker zilipoingia East African Airways mwaka 1962 zilisajiliwa Kenya kwa alama ya wakati wa ukoloni, VP-K. Tanganyika ilikuwa na VR-T, Uganda VP-U. Alama ya 5Y ni ya Kenya huru, kama 5H ilivyo ya Tanzania na 5X ya Uganda. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Picha yenye 5Y haiwezi kuwa ya 1962.

Angalia jinsi aina ya ndege peke yake ingetupotosha. Fokker inakubaliana na 1962, ingawa kwa shida. Tungekomea hapo, mwandiko wa nyuma ungesimama. Usajili ndio uliouangusha. (Mjukuu aliuliza kama 5Y maana yake picha ilipigwa Nairobi. Hapana. Ndege za shirika zilisajiliwa katika nchi tatu lakini zilizunguka kwote, na ndege ya Kenya kutua mji wa pwani ya Tanzania lilikuwa jambo la kila siku.)

Nikauliza nani aliandika 1962. Mwandiko ulikuwa wa jamaa aliyezipanga picha kwenye albamu miaka mingi baadaye, akiandika alichosimuliwa. Hapo nikaomba makaratasi. Walikuwa nayo zaidi ya walivyodhani: kitabu cha njano cha chanjo, chenye mihuri ya ndui na homa ya manjano ya Agosti 1965, paspoti yenye muhuri wa kuondoka wa mwezi uliofuata, na ndani ya paspoti, kishina cha tiketi chenye alama EC, ambayo ni ya East African Airways, kwa vipande viwili vya safari: nyumbani hadi Nairobi, Nairobi hadi London. Mwaka 1965 safari za London za shirika hilo bado zilikuwa kazi ya Comet. Super VC10 zilikuja mwaka uliofuata. Kwa hiyo hadithi ya Comet inaelekea sana kuwa ya kweli. Ni Comet ya Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, si ya kwenye picha.

Nilipomwandikia mjukuu kwamba safari ni ya Septemba 1965, ndipo aliponijibu kwa swali moja: "Sasa yule mtoto ni nani?"

## Tulichoamua, na kwa nini

Hapo ndipo nilipoelezwa habari ya kifunguamimba. Alizikwa wakati wa masika ya 1963, na hata bila makaratasi, ile 5Y peke yake ilitosha kusema kwamba mtoto wa kwenye kanga si yeye.

Nilishauri mambo matatu, na nitaeleza sababu zake. Kwanza, habari isitoke nje ya watu watatu mpaka imfikie mkubwa wa familia aliye hai, dada wa Babu, ambaye watoto wa Babu humwita Shangazi. Kutambua ndege ni utaalamu wangu. Kumwondoa mtoto kwenye picha si kazi ya mgeni, wala si ya kijana. Pili, apelekewe na binti wa Babu kwa miguu yake, si kwa simu, na asipelekewe kama tangazo. Aulizwe. Mtu wa miaka themanini na kitu aliyekuwepo uwanjani siku ile ni shahidi, na shahidi huulizwa kabla ya hukumu. Tatu, kijitabu kisubiri.

La kwanza halikuheshimiwa. Mjukuu alikuwa ameshaweka maelezo ya ndege kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa furaha ya aliyefumbua fumbo, na mtu mmoja wa Muscat akapiga hesabu mwenyewe. Kabla ya jioni maswali yalikuwa yameanza, na baadhi hayakuwa na adabu: yupo aliyeandika kwamba Bibi "alidanganya". Mtunzaji wa albamu alifunga mjadala kwa maneno machache, kisha akasafiri kwenda kwa Shangazi.

Aliyoyakuta huko nimeyapata kwake, na ninayaandika kwa ruhusa ya wote wawili. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani aliitoa picha mpya, iliyochapwa upande sahihi kutoka kwenye negativu, akauliza tu: "Shangazi, huyu mtoto ni nani?" Shangazi akamtaja wa pili, mtoto wa kiume aliyezaliwa mwanzoni mwa 1965. Hakusita. Alipoulizwa kwa nini hakuwahi kusema, alijibu kwamba wifi yake alilia sana kwa mtoto yule wa kwanza, na hakubakiwa na kitu cha kushika. Siku moja, miaka mingi baadaye, alianza kusema kwamba mtoto wa pichani ndiye yeye. "Nikamwacha naye," alisema Shangazi.

## Matokeo

Mtoto wa kwenye kanga ni mzee sasa, anaishi Muscat. Alikuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba hakupigwa picha utotoni. Alipotumiwa chapa mpya aliomba jambo moja: jina la dada yake lisifutwe kwenye kijitabu.

Halikufutwa. Familia ilikubaliana picha iingie kwa upande wake sahihi, isiyokatwa, na maelezo yake yataje Fokker F27 Friendship ya East African Airways, Septemba 1965, na mtoto kwa jina lake. Ukurasa unaofuata una jina la kifunguamimba, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, na sentensi moja inayosema mama yake alimkumbuka kwa kuitazama picha hii. Chapa ya zamani, ile ya kinyume, nayo imetunzwa kwenye albamu pamoja na mwandiko wake wa nyuma. Mimi niliwasihi wasiisahihishe kwa kalamu. Mwandiko ule ni ushahidi wa jinsi familia ilivyokumbuka.

## Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kurudi kwenye kitu chenyewe. Nakala ya simu ilikuwa imekatwa, imepinduliwa na imejazwa herufi za uongo. Kila hatua ya kurudi nyuma, kutoka simu hadi karatasi, kutoka karatasi hadi negativu, ilitupa kitu ambacho utaalamu usingeweza kukitoa. Ningekuwa na saa moja tu ya kuisaidia familia yoyote, ningeitumia kuuliza kopo liko wapi.

Pili, alama zenye nguvu zilikuwa za umbo, si za rangi wala maandishi. Ninawashauri wenye picha za aina hii waanze na maswali ambayo hata picha mbovu huyajibu. Bawa liko juu au chini ya madirisha? Ndege imekalia mkia, pua ikitazama mbinguni, kama Dakota, au imesimama sawa? Injini ziko wapi? Nne zilizopangwa mbilimbili mkiani, na bawa dogo la mkia likiwa juu kabisa, huenda ni VC10. Mbili tu mkiani kwa mpangilio huohuo wa mkia huenda ni DC-9. Super VC10 za East African Airways zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni mbele, upande wa kushoto, na Super VC10 za BOAC, shirika la Uingereza, hazikuwa nao. Nimeona familia ikipata shirika kutokana na mstari wa mlango huo peke yake. Mwenye injini nne za pangaboi atazame vifuniko vyake: vyembamba, si vya duara, huenda ni Argonaut yenye injini za Merlin. Na mwenye picha ya Entebbe yenye Comet ya madirisha ya mraba ana kitu adimu, maana Comet za kwanza zilipita pale katika safari ya London hadi Johannesburg iliyoanza Mei 1952, na ziliondolewa 1954 baada ya ajali zilizoonyesha kwamba metali ya mwili wao ilikuwa inachoka na kupasuka.

Tatu, usajili ni shahidi wa mwaka kuliko wa mahali. VP-K, VP-U na VR-T ni za kabla. 5Y, 5X na 5H ni za baada. Kwa familia zetu, ambazo mambo mengi makubwa yalitokea katika miaka ileile ya uhuru, mstari huo una thamani kuliko jina la ndege. Hata herufi moja ikionekana, itunze.

Nne, macho ya mwanamke aliyezoea kanga yaliona kilichowashinda waliokodolea ndege. Si bahati. Kila mtu husoma sehemu ya picha anayoijua, na mimi siku hizi huwatumia picha watu wa fani tofauti: fundi cherehani atazame koti, mzee wa msikiti atazame kofia na kanzu, aliyefanya kazi uwanjani atazame ngazi na toroli za mizigo.

Kilichokwama ni mpangilio wa kutoa habari. Uchunguzi ulianza kama swali la ndege, na hakuna aliyeuliza mapema: tarehe ikibadilika, nani katika picha hii ataguswa? Swali hilo lina nafasi yake mwanzoni kabisa, kabla ya skani, kwa sababu baadaye kila jibu la kiufundi linakuwa limeshatoka mdomoni. Tangu kisa hiki ninawaomba wenye picha waniandikie orodha ya wote waliomo, walio hai na waliokufa, na nini ukoo unasema juu ya kila mmoja. Hiyo haipingani na kuisoma ndege kwanza. Orodha naiweka kando bila kuitumia katika kutambua. Naitumia kujua nani aambiwe nini, na nani amwambie.

Kilichokwama pia ni heshima kwa kumbukumbu ya Bibi ndani ya lile kundi. Neno "alidanganya" lilitoka kwa mtu aliyekuwa na mwaka sahihi mkononi. Kwa upande wangu sioni uongo pale. Ndani ya miaka ya huzuni, mama alihitaji sura ya mwanawe, na wifi yake akaona asimnyang'anye. Anayetambua ndege anaweza kusema bila hofu kwamba usajili ni wa baada ya uhuru. Hana mamlaka ya kusema zaidi ya hapo juu ya moyo wa mtu, na maelezo ya picha yanayochapwa yanaweza kubeba yote mawili bila moja kulifukuza jingine, kama kijitabu hiki kilivyofanya.

Herufi ya mwisho ya usajili bado imezibwa na bega la jirani mmoja mrefu. Mtoto wa jirani huyo anaishi Tanga, na amesema nyumbani kwao ziko picha nyingine za siku ileile, zilizopigwa kutoka upande wa pili wa ngazi. Mjukuu amepanga kwenda kuziskani, na safari hii atampitia kwanza mtunzaji wa albamu.